Kuhamia Windows 11 bila kupoteza programu zako: mwongozo kamili

Huyu ni mtu wa nne mwezi huu. Kaleta kompyuta hapa dukani, Mtwara mjini, na maneno ni yale yale: "Fundi, nimepiga Windows 11 mwenyewe. Picha zangu nimezikuta, lakini programu hakuna hata moja." Wa kwanza alikuwa mwenye stesheneri, wa pili karani wa chama cha msingi kutoka upande wa Tandahimba, wawili waliobaki ni walimu. Wote wamejikwaa kwenye jiwe moja: waliiwasha kompyuta kwa flashi.

Kompyuta ikiwashwa kwa flashi, Windows mpya inaingia kama mpangaji anayekabidhiwa nyumba tupu. Haijui kama ulikuwa na QuickBooks, Tally au programu ya printa. Ili programu zibaki, unawasha kompyuta kama kila siku, unaingia kwenye Windows 10 yako, na ukiwa humo humo ndani ndipo unafungua kisakinishi cha Windows 11. Hatua nyingine zote hapa chini zipo kwa ajili ya kukinyima kisakinishi hicho sababu ya kukataa.

Kama bado unajiuliza kuna haraka gani: Windows 10 iliacha kupokea marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Itaendelea kuwaka, ila matundu mapya yanabaki wazi.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Diski ya nje yenye nafasi kubwa kuliko vyote vilivyomo kwenye diski C.
- Flashi tupu ya GB 8 au zaidi. Itafutwa yote, kwa hiyo usitumie ile yenye picha za harusi.
- Bando la kutosha. Kisakinishi peke yake kinazidi GB 5, na mimi hukishusha kwa bando la usiku.
- Nafasi huru kwenye diski C. Chini ya GB 30 huwa siigusi mashine ya mtu.
- Chaja na betri inayoshika chaji. Kompyuta ya mezani iwe na UPS, na jenereta ya jirani iwe karibu.
- Daftari na kalamu.
- Nusu siku ambayo hakuna mteja wala bosi anayekusubiri.

Hicho cha mwisho ndicho watu hukidharau. Usifanye kazi hii Oktoba wala Novemba kama kompyuta yako inahusika na korosho: minada imeanza, stakabadhi zinaingia, wakulima wanauliza malipo. Walimu nao wawe mbali na wiki za mitihani. Kuanzia Desemba mpaka Aprili huku kwetu ni mvua na radi. Ukiniuliza mimi, fanya kati ya Juni na Agosti, siku ya Jumapili asubuhi.

## Hatua ya 1: Pima kama mashine inakubalika

Windows 11 inataka prosesa ya biti 64, RAM ya GB 4, diski ya GB 64, mfumo wa kuwakia wa UEFI wenye uwezo wa Secure Boot, na chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0. Kwa Intel, prosesa nyingi zinazokubalika zinaanzia kizazi cha 8. Kwa AMD, zinaanzia Ryzen za mfululizo wa 2000.

Shusha programu ndogo ya Microsoft iitwayo PC Health Check, ifungue, ubofye "Check now". Itakupa jibu moja kwa moja.

Ikisema tatizo ni TPM, usikate tamaa mapema. Mara nyingi ipo, imezimwa tu. Bonyeza kitufe cha Windows na R kwa pamoja, andika `tpm.msc`, kisha usome. Ikisema haionekani (na kama diski imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la siri la Windows, fanya kwanza namba 3 ya hatua ya 5), ingia kwenye BIOS, mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka (HP nyingi ni F10, Dell ni F2, Lenovo ni F1 au F2) utafute PTT kwa Intel au fTPM kwa AMD, uiwashe.

Tahadhari. Humo kwenye BIOS utaona pia pa kubadili "Legacy" kuwa "UEFI". Usibadilishe kwa pupa. Kama diski yako imepangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, kompyuta haitawaka tena. Ifanyie nakala kwanza (hatua ya 4), kisha ukiwa ndani ya Windows fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kwa kuibofya kitufe cha kulia na kuchagua "Run as administrator", uandike:

`mbr2gpt /validate /allowFullOS`

Ikijibu kwamba imefaulu, ndipo uandike:

`mbr2gpt /convert /allowFullOS`

Ikimaliza, ndipo unakwenda BIOS kubadili. Mpangilio huo usiugeuze.

Kama prosesa yenyewe ndiyo ya zamani, hakuna cha kuwasha. Zipo njia za kuilazimisha na mafundi wengi wanazijua. Mimi kwenye mashine ya ofisi sifanyi, kwa sababu Microsoft haiahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata marekebisho, na marekebisho ndiyo tunayoyafuata. Angalia ukurasa wa Windows Update kama unakuletea mpango wa nyongeza ya usalama wa Windows 10, unaofika 13 Oktoba 2026, ili upate muda wa kutafuta mashine nyingine.

Umefaulu ukiona: PC Health Check inasema kompyuta inakidhi masharti.

## Hatua ya 2: Ijue Windows uliyonayo

Hapa ndipo wanapoangukia hata wale wasiowasha kwa flashi. Kisakinishi kinakubali kubakiza programu pale tu Windows mpya inapolingana na ya zamani kwa mambo matatu. Yaandike kwenye daftari.

Biti. Nenda "Settings", kisha "System", kisha "About". Tafuta "System type". Ikiandika "32-bit operating system", simama. Windows 11 ni ya biti 64 tu, na kutoka 32 kwenda 64 hakuna kubakiza programu. Hapo kazi yako inakuwa kusakinisha upya kila kitu, na ujipange kwa hilo. Jua pia kwamba programu za kizamani za enzi ya DOS, ambazo bado nazikuta kwenye maghala, hazifunguki kabisa kwenye Windows ya biti 64.

Aina. Ukurasa huo huo unaonyesha "Edition": Home, Pro au nyingine. Home na Pro hazina shida. Ikiwa ni Enterprise au LTSC (matoleo ya mashirika makubwa), kisakinishi cha kawaida hakitabakiza programu. Mashine nyingi za mitumba zina LTSC bila mwenyewe kujua. Fundi fulani aliipenda kwa sababu ni nyepesi.

Lugha. Hili ndilo la kichawi, maana kwa macho huwezi kuliona. Kompyuta nyingi tunazonunua ni mitumba kutoka Ulaya na Dubai. Nyingine zilisakinishwa kwa Kiingereza cha Uingereza, nyingine cha Marekani, nyingine kwa Kijerumani zikabandikwa Kiingereza juu yake. Kisakinishi kinatazama lugha ya msingi. Hiyo unayoisoma kwenye skrini inaweza kuwa nyingine. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

`dism /online /get-intl`

Tafuta mstari wa "Default system UI language". Ukisoma en-US, utahitaji kisakinishi cha Kiingereza cha Marekani. Ukisoma en-GB, ni cha Uingereza. Niliwahi kupoteza siku nzima kwa laptopu moja ya Lindi ambayo kila kitu chake kilikuwa sawa. Kumbe ilikuwa en-GB na flashi yangu ilikuwa en-US. Nilibadilisha flashi, ikapita kama maji.

Ukiwa hapo, pita pia "Update & Security" kisha "Activation". Ikisema imeamilishwa kwa "digital license", leseni hiyo inahama nawe bila malipo. Ikiwa Windows yako iliamilishwa kwa kraki, tegemea usumbufu mbele.

## Hatua ya 3: Orodhesha programu na funguo zake

Fungua "Apps & features" uandike kila programu ambayo ikipotea kesho utalia. Kando yake andika toleo, namba ya leseni, na kisakinishi chake kiko wapi. Kama hukijui kilipo, kitafute leo. Tunakusudia programu zibaki, lakini mwenye mtumbwi hawi mjinga kwa kubeba kopo la kukombea maji.

Angalia zaidi makundi haya:

Programu za hesabu. Ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji uone toleo ulilonalo linaruhusiwa kwenye Windows 11. Toleo la zamani linaweza kufunguka vizuri halafu likagoma siku ya kuchapa ripoti.

Programu zinazotumia kifaa cha leseni kinachochomekwa kwenye USB, kama baadhi ya zile za tarizi na za usanifu. Kifaa kile kina draiva yake, yaani programu ndogo inayokiendesha. Shusha toleo jipya la draiva hiyo kabla.

Printa na skana. Shusha draiva ya Windows 11 mapema, uiweke kwenye diski ya nje. Mwenye stesheneri asiyechapa siku mbili amekula hasara.

Office 2016 na 2019 zitaendelea kufunguka, ingawa nazo msaada wake uliisha siku ile ile ya 14 Oktoba 2025.

## Hatua ya 4: Nakala mbili

Nakala ya kwanza ni ya kazi zako: Documents, Desktop, Pictures, Downloads. Halafu zile data zilizojificha. Programu za hesabu mara nyingi haziweki vitabu kwenye Documents, kwa hiyo fungua programu yenyewe, tafuta neno "Backup" kwenye menyu yake, uelekeze kwenye diski ya nje.

Nakala ya pili ni picha ya diski nzima. Ndiyo pekee inayoweza kurudisha programu mambo yakiharibika. Nenda "Control Panel", chagua "Backup and Restore" yenye maandishi ya Windows 7 pembeni, kisha "Create a system image". Diski ya nje lazima iwe ya mtindo wa NTFS.

Hatua hii niliwahi kuiruka. Mama mmoja mwenye duka la jumla aliniletea mashine nikiwa na haraka, nikaiwasha kwa flashi, nikajiona fundi kweli kweli. Aliporudi akaniuliza, "Fundi, vitabu vyangu viko wapi?" Vitabu vilikuwemo ndani ya folda ya Windows.old, ambamo Windows mpya huiweka ile ya zamani. Programu ya kuvisomea ndiyo haikuwepo, wala CD yake. Ilinichukua wiki mbili kuitafuta, na sikumtoza hata senti.

Umefaulu ukiona: umechomoa diski ya nje, ukaichomeka kwenye kompyuta nyingine, na faili zinafunguka. Zifungue kweli. Jina la faili kuonekana peke yake halitoshi.

## Hatua ya 5: Safisha njia

1. Ondoa antivirusi ya kununua au ya kushusha. Kuizima hakutoshi, iondoe. Ile ya Windows yenyewe iache.
2. Ondoa VPN za zamani na programu za "kuongeza kasi".
3. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, chagua "Suspend protection", na uandike ufunguo wake wa kurejesha kwenye daftari. Fanya hivyo hata kabla ya kugusa BIOS.
4. Kagua afya ya mfumo kwenye Command Prompt ya msimamizi, moja baada ya nyingine:

`chkdsk C: /scan`

`dism /online /cleanup-image /restorehealth`

`sfc /scannow`

Ya pili inaweza kula bando kidogo. Ya tatu ikimaliza kwa kusema haikukuta kosa, au imerekebisha, songa mbele. Chkdsk ikilalamika juu ya diski yenyewe, acha kila kitu ununue diski mpya kwanza. Hewa ya bahari hapa kwetu haina huruma na vyuma, na diski inayokufa huchagua siku kama hii.

5. Chomoa printa, modemu na kila kilichochomekwa. Bakiza mausi na kibodi.

Pia puliza vumbi kwenye feni. Kazi hii inaichemsha mashine kwa muda mrefu.

## Hatua ya 6: Tengeneza flashi

Kwenye tovuti ya Microsoft shusha chombo kiitwacho Media Creation Tool cha Windows 11. Ukitumia kompyuta ile ile unayotaka kuihamisha, kitachagua lugha chenyewe. Ukitumia ya mtu mwingine, ondoa alama ya kukubali mapendekezo na uchague lugha uliyoiandika kwenye hatua ya 2.

Wengine wanapewa na rafiki faili la ISO (kisakinishi kizima ndani ya faili moja), wanalifungua na kunakili yaliyomo kwenye flashi, halafu wanaambiwa faili ni kubwa mno ingawa flashi ina GB 32. Flashi ya mtindo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, na ndani ya ISO huwa limo la namna hiyo.

Flashi ikiwa tayari, tengeneza folda `C:\W11`, nakili humo vyote vilivyomo kwenye flashi, kisha ichomoe. Ukiiacha, kompyuta inapojizima na kuwaka katikati ya kazi inaweza kuwakia kwenye flashi, ukarudi kwenye kosa la wale wanne. Flashi yenyewe itunze. Picha ya diski ya hatua ya 4 ikihitajika na kompyuta haiwaki, hapo ndipo utakapowashia flashi, uchague "Repair my PC" (kwenye flashi za zamani ni "Repair your computer").

## Hatua ya 7: Endesha, na usome skrini moja kwa makini

Zima intaneti. Fungua `C:\W11`, bofya mara mbili `setup`.

Skrini ya kwanza ina maandishi madogo, "Change how Setup downloads updates". Yabofye, chagua "Not right now". Usipofanya hivyo kitatafuta marekebisho kwanza, na kama ni bando la simu utaliona linavyoyeyuka.

Kubali masharti. Kisakinishi kitakagua, kisha kitakuletea skrini ya "Ready to install". Ondoa mkono kwenye mausi. Panatakiwa pawe na mistari miwili yenye alama ya vema: kusakinisha Windows 11 ya aina yako, na huu:

"Keep personal files and apps"

Neno lenye uzito hapo ni la mwisho, "apps". Ukisoma "Keep personal files only" au "Nothing", usibofye "Install". Bofya "Change what to keep" uone kama chaguo la juu linachagulika. Kama limefifia na halibofyeki, funga kisakinishi. Hujaharibu kitu. Rudi hatua ya 2, kuna kimoja kati ya vile vitatu hakilingani, na mara nyingi ni lugha.

Umefaulu ukiona: neno "apps" lipo. Sasa bofya "Install".

## Hatua ya 8: Subiri bila kugusa

Kwa SSD inachukua saa moja hivi. Kwa diski ya kuzunguka nimewahi kusubiri saa tano. Kompyuta itajizima na kuwaka mara kadhaa. Asilimia zinaweza kuganda sehemu moja nusu saa nzima, na hiyo ni kawaida. Usishike kitufe cha kuzimia. Mradi taa ya diski inapepesa, kazi inaendelea.

Umeme ukikatika ukiwa bado unaiona Windows 10 nyuma ya kisakinishi, madhara ni madogo, utaanza tu upya. Ukikatika kwenye skrini nyeusi yenye asilimia, iwashe umeme ukirudi na uiache yenyewe. Mara nyingi inaendelea, au inarudi Windows 10. UPS ndogo ya dukani inashika dakika chache tu. Kazi yake ni kukupa nafasi ya kuwasha jenereta.

Ikigoma na kurudi Windows 10, itakupa namba. Zinazonijia mara kwa mara ni hizi: 0xC1900101 ni draiva, chomoa vifaa na usasishe draiva za kadi ya picha na mtandao. 0xC1900208 ni programu isiyopatana, iondoe. 0x80070070 ni nafasi haitoshi kwenye diski.

## Hatua ya 9: Kagua kabla hujashangilia

Bonyeza Windows na R, andika `winver`, uone Windows 11. Kisha chukua daftari ufungue programu moja moja. Usiishie kuona inafunguka: ingiza muamala wa majaribio, chapa ukurasa mmoja, fungua kitabu cha mwaka jana.

Programu ya zamani ikidai .NET 3.5 (kijenzi cha Windows ambacho programu za zamani hukitegemea), usikubali ikaishushe kwa bando, kwa kuwa unayo tayari kwenye folda yako. Command Prompt ya msimamizi:

`dism /online /enable-feature /featurename:NetFx3 /all /source:C:\W11\sources\sxs /limitaccess`

Fungua "Device Manager", palipo na alama ya njano weka draiva uliyoiandaa. Washa BitLocker kama uliisimamisha.

Unaporudisha intaneti ya simu, unganisha, kisha haraka ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo uwashe "Metered connection", inayoizuia Windows kula bando ovyo. OneDrive nayo inaweza kukuomba ruhusa ya kupandisha Desktop na Documents zote mtandaoni. Nafasi ya bure ni GB 5 tu, kwa hiyo ikatae mpaka ujue unachokubali.

## Ukitaka kurudi Windows 10

Una siku 10. Nenda "Settings", "System", "Recovery", ubofye "Go back". Programu ulizoweka baada ya kuhama zitaondoka, na kazi ulizoandika humo zinakilie pembeni kwanza.

Siku 10 kwa ofisi ni chache, maana kosa la programu ya mishahara utalijua mwisho wa mwezi. Siku ile ile ya kwanza andika kwenye Command Prompt ya msimamizi:

`dism /online /set-osuninstallwindow /value:60`

Sasa una siku 60, na huo ndio upeo. Katika muda huo usifute folda ya Windows.old, hata programu za usafi zikikuonyesha kwamba inakula GB 20. Andika tarehe ya siku ya 60 kwenye jalada la daftari lako. Ikifika na programu zote zimepita mwisho wa mwezi mara moja bila lawama, futa Windows.old pamoja na `C:\W11`, nafasi yako irudi.